Tume ya uchaguzi huzuia wizi wa kura kwa jina lake au kwa utaratibu wake?

MwalimuNyegezi ameandika:

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha uraia katika sekondari moja hapa Nyegezi, na juma lililopita mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu palepale. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba uchaguzi wa haki huhitaji tume huru. Akasimama, akasema: "Mwalimu, zamani iliitwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, na tangu sheria ya 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mtu akija kupiga kura katika darasa hilihili, ataona nini kilichobadilika?" Darasa likacheka, nami nikacheka nalo, lakini nilirudi nyumbani na swali lile kichwani.

Nimejaribu kusoma, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Uingereza kura huhesabiwa na watu wa halmashauri. Tume ya Uchaguzi ya huko, iliyoanza kazi mwaka 2001, haihesabu kura za wabunge hata moja, na bado kwa kawaida aliyeshindwa humpa mkono mshindi usiku uleule. Denmark uchaguzi uko chini ya wizara, na hatusikii ugomvi. Kenya ya 2007, kwa upande mwingine, ilikuwa na tume iliyotajwa katika katiba, tena yenye mwenyekiti aliyeheshimiwa, na sote tunajua ilivyokwisha. Je, muundo wa chombo kinachosimamia uchaguzi unazuia kweli udanganyifu, au tunabadilisha kibao cha mlangoni tu?

Ombi langu ni moja. Najua kila mmoja wetu ana maneno yake kuhusu uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, na nyuzi za hayo zipo. Hapa ningependa tuzungumzie mashine yenyewe, namna ilivyoundwa na mahali inapovuja.

Mzee wa Nansio amejibu:

Mwalimu, salaam. Niliwahi kusimamia kituo mara mbili katika kisiwa kimoja kidogo cha Ukerewe, enzi za taa ya karabai, kwa hiyo nitajibu kutoka mezani na si kutoka vitabuni.

Asubuhi kabla ya saa moja tulilifungua sanduku, tukalipindua mbele ya mawakala waone kwamba ni tupu, tukalifunga kwa lakiri, na kila wakala akaandika namba ya lakiri katika daftari lake. Saa kumi jioni tulifunga kituo, tukaanza kuhesabu papo hapo. Kila karatasi iliinuliwa juu ionekane, ikasomwa, ikawekwa kwenye fungu lake. Niseme ukweli: kura ikiwa bado ndani ya chumba kile, kuiiba ni kazi ngumu, kwa sababu macho ni mengi na kisiwa ni kidogo. Wakala wa chama hiki ni shemeji wa wakala wa chama kile, na karani amefundishwa darasa la nne na babu yao.

Ugumu ulianza usiku wa manane. Kijana mmoja, wakala wa chama ambacho sitakitaja, alikuwa ametumwa bila nauli na bila chakula, na alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja tangu alfajiri. Akanisogelea, akaniomba kwa unyenyekevu mkubwa asaini fomu ya matokeo ikiwa bado tupu ili akalale. Nilimkatalia, nikamgawia wali wangu. Lakini fikirini ni vituo vingapi msimamizi alimkubalia, tena kwa huruma tu, bila nia yoyote mbaya. Saini iliyo chini ya fomu tupu ni mlango ulioachwa wazi. Mwizi hahitaji hata kuuvunja.

Alfajiri mtumbwi wa injini ukatuchukua. Ndani tulikuwa mimi, askari mmoja, nahodha na sanduku. Mawakala walibaki ufukweni kwa sababu hakuna aliyewalipia safari. Kwa saa tatu zile za majini, kilichokuwa kati ya matokeo ya kituo na matokeo ya jimbo ni uaminifu wangu na wa yule askari. Sikugusa chochote, lakini hakuna mtu ambaye angeweza kulithibitisha hilo isipokuwa mwenye nakala ya fomu iliyobandikwa mlangoni. Kwa hiyo mwanafunzi wako mwambie hivi: akitaka kujua kama tume ni huru, asitazame kibao cha ofisi, atazame kama ile karatasi ya mlangoni inasomeka, na kama namba yake ndiyo inayofika mwisho wa safari.

Jirani wa Kisumu amejibu:

Shikamoo Mzee. Hayo unayoyasema ya mtumbwi ndiyo hasa yaliyotupata sisi upande huu wa ziwa, ila mtumbwi wetu ulikuwa barabara ya kwenda Nairobi.

Mwaka 2007 tume yetu ilikuwa na makamishna 22, na ulinzi wa kazi yao ulikuwa umeandikwa. Hata hivyo, tangu 1997 vyama vilikuwa vimekubaliana kwamba upinzani upendekeze baadhi ya makamishna, na kabla ya uchaguzi wa 2007 Rais Kibaki akateua wapya bila kufuata makubaliano yale, kwa kuwa yalikuwa ya heshima tu na hayakuwa sheria. Imani ya watu ikaondoka kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Kisha takwimu za majimbo zikafika ukumbini Nairobi zikiwa tofauti na zilizosomwa kule majimboni, na mwanzoni mwa Januari 2008 mwenyekiti Samuel Kivuitu akawaambia waandishi wa habari kwamba yeye mwenyewe hajui kama Kibaki alishinda. Tume ya uchunguzi ya Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini haikusema nani aliibiwa. Ilisema kasoro zilikuwa nyingi kiasi kwamba haiwezekani tena kujua matokeo ya kweli. Mimi hukumu hiyo naiona nzito kuliko kumtaja mwizi. Bunge likaivunja tume ile Desemba 2008.

Sasa angalieni kilichobadilika. Tulipata tume mpya kwa katiba ya 2010, na bado Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Maraga ilifuta matokeo ya urais, kwa sababu fomu za vituo hazikuwa zimefika zote wakati mshindi anatangazwa, na tume ilipoamriwa kufungua seva zake haikutii ipasavyo. Jina lilikuwa jipya, tatizo likawa lilelile la njiani. Dawa kubwa haikutoka hata kwa tume: katikati ya 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilisema matokeo yanayotangazwa na msimamizi wa eneo bunge ni ya mwisho, Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Na mwaka 2022 tume ikaweka kwenye tovuti fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000, ziitwazo 34A, kila mtu azisome. Nilikaa na vijana wanne hapa Kisumu, kila mmoja na simu yake na kaunti yake, tukajumlisha siku tatu mfululizo tukila mandazi. Hatukupenda matokeo tuliyoyapata, sitaficha. Lakini kila mmoja wetu aliyaona kwa macho yake mwenyewe.

Tena mwaka huohuo makamishna wanne kati ya saba waliyakataa hadharani matokeo ambayo mwenyekiti wao alikuwa anayatangaza. Tume ilipasuka katikati, na bado Mahakama ya Juu ilipata la kushika, kwa sababu fomu za vituo zilikuwa wazi na nakala zilizokuwa mikononi mwa mawakala zilifanana nazo.

Wakili wa Capri Point amejibu:

Ndugu zangu, karatasi ya mlangoni ni ushahidi, na ushahidi unahitaji mahali pa kupelekwa. Hapo ndipo Mzee na Jirani wanapoacha pengo, nami niongeze upande wa sheria.

Katika Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 41(7) inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ibara ya 74(12) nayo inazuia mahakama kuchunguza jambo lolote lililofanywa na Tume katika kutekeleza kazi zake kwa mujibu wa Katiba. Mbunge anaweza kupingwa Mahakama Kuu, hapahapa Mwanza kesi hizo tumeziona, Rais hapana. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, iliamua katika shauri la Jebra Kambole kwamba Ibara ile ya 41(7) inakiuka Mkataba wa Afrika. Kwa hiyo mkazi wa Kisumu anaweza kubeba fomu zake hadi Mahakama ya Juu, na mkazi wa Ilemela akiwa na fomu zilezile za urais atazifungia kabatini. Fomu ni moja, ila uzito wake mbele ya yule anayefikiria kudanganya si mmoja. Mtu huogopa kudanganya pale tu anapojua kuna atakayemuuliza.

Kuhusu uteuzi, sheria ya 2024 imeweka kamati ya usaili inayoongozwa na Jaji Mkuu, nayo humpendekezea Rais majina ya wajumbe. Ni hatua, sitaibeza. Lakini mikono inayogusa kura si ya wajumbe wale wachache. Ni ya wasimamizi wa majimbo, na hao kwa miaka mingi wamekuwa wakurugenzi wa halmashauri, ambao mteuzi wao ni Rais. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika shauri la Bob Wangwe, iliona utaratibu huo unapingana na Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Halafu usisahau, Mwalimu, kwamba uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 haukusimamiwa na Tume kabisa, ulisimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais. Mwanafunzi wako akiuliza tena kilichobadilika, mwulize kwanza anazungumzia uchaguzi upi.

Kuna na suala la nani anazungumza kwa niaba ya tume. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alisoma mwenyewe tangazo la kuufuta uchaguzi mzima, wakati kura za majimbo mengi zilikuwa zimeshatangazwa. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016, na chama cha upinzani cha CUF kikaususia. Sibishani hapa kuhusu sababu alizozitoa. Ninachosema ni kwamba chombo ambacho kauli ya mtu mmoja inaweza kubeba uamuzi wa namna hiyo ni dhaifu hata kama mtu huyo ni malaika, kwa sababu anayetaka kukishinikiza anajua mlango wa kubisha ni mmoja tu.

Mama Dagaa Kirumba amejibu:

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, ninyi wasomi mtanivumilia. Uchaguzi nilioujua kwa karibu ni wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, katika mwalo mmoja ambao jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado ninanunua mzigo pale.

Mwenyekiti aliyekuwapo alikuwa anagombea tena, na kamati ya uchaguzi aliiteua yeye. Kura tulitumbukiza kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, zile za rangi ya bluu tunazopimia dagaa. Ndoo ikaingizwa ofisini "kwa usalama" wakati watu wanasubiri viongozi wa kijiji wafike, na ufunguo wa ofisi ulikuwa kwenye mnyororo wa suruali ya mwenyekiti. Ilipotoka, kura zilikuwa nyingi kuliko watu tuliokuwa tumesimama pale juani. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu mwenyekiti ndiye anayepanga zamu ya nani ashushe mzigo kwanza, na dagaa hawasubiri.

Miaka iliyofuata walibadilisha mambo mawili tu. Waliosimamia walitolewa mwalo mwingine, watu wasio na chombo wala mkopo kwetu. Na ndoo haikuondoka machoni petu. Iliwekwa juu ya meza katikati ya kichanja cha kuanikia, ikahesabiwa hapohapo kwa sauti, watoto nao wakiitikia namba. Mwenyekiti yuleyule akashindwa. Kanuni hazikubadilika, karatasi zilikuwa zilezile za daftari la shule. Nilipomsoma Wakili akisema mteuzi wa msimamizi ni nani, nilimwelewa mara moja bila kuifungua hiyo ibara.

Mhasibu wa Igoma amejibu:

Nakubaliana na mengi, lakini naona mnalinda dirisha wakati mgeni ameshaingia kwa mlango. Fomu ya mlangoni inafaa nini kama jina la mgombea uliyemtaka halikuwamo kwenye karatasi ya kura? Mwaka 2020 wapo wabunge waliopita bila kupingwa, baada ya wapinzani wao kuenguliwa kwa makosa ya kujaza fomu. Katika jimbo la namna hiyo kura za ubunge zilizoibiwa ni sifuri, hesabu ni safi kama meza ya benki, na mkaguzi yeyote angeweka saini yake kwa raha. Udanganyifu wa kisasa hauna haja ya bao la mkono, yaani wizi wa wazi wa kura. Unafanyika mapema, kwa kalamu, ofisini, mchana kweupe: daftari la wapiga kura, uteuzi wa wagombea, mgawanyo wa vituo, wakala kunyimwa kiapo hadi saa nne asubuhi.

Pia nadhani tusiusifu sana uhuru wa makaratasi. Malawi mwaka 2019 tume iliongozwa na jaji, Jane Ansah, na bado fomu za matokeo zilifutwafutwa kwa wino mweupe, hata watu wakaubatiza uchaguzi ule jina la ule wino, Tipp-Ex. Februari 3, 2020 mahakama ikaufuta. Mwenyekiti akajiuzulu, na Rais Mutharika, ambaye naye alikuwa mgombea, akateua jaji mwingine, Chifundo Kachale, zikiwa zimebaki kama wiki mbili. Juni 23 Mutharika akashindwa na Chakwera, chini ya mwenyekiti aliyemteua mwenyewe. Tume kama chombo ilikuwa ileile, sheria ya uteuzi ileile. Kilichokuwa kimeongezeka ni woga wa mahakama na macho ya watu waliokuwa wameandamana kwa miezi. Na mwaka 2025 Mutharika akarudi madarakani, mgombea mwenza wake akiwa Jane Ansah huyohuyo. Siasa za ziwa Nyasa nazo zina vituko vyake.

Wakili wa Capri Point amejibu:

Mhasibu, la kuenguliwa uko sahihi, na ndiyo maana nasema rufaa za uteuzi zisisikilizwe na chombo kilekile kilichomwengua mtu. Ila mfano wa Malawi unaniunga mkono mimi. Kachale hakuwa na tabia tofauti kwa sababu ya mteuzi wake. Alikuwa na hukumu ya mahakama mezani inayomweleza kasoro moja baada ya nyingine.

Kama unataka tume iliyobadilisha matokeo kwa muundo wake wenyewe, tazama Mexico. Mwaka 1988 uchaguzi ulisimamiwa na wizara ya mambo ya ndani, mfumo wa kompyuta "ukaanguka" usiku wa kuhesabu, na mgombea wa chama tawala akatangazwa mshindi. Taasisi mpya ya uchaguzi ikaanzishwa 1990, na mwaka 1996 waziri wa mambo ya ndani akaondolewa katika uongozi wake. Jambo linalonivutia zaidi liko chini kabisa: wahudumu wa meza za kura ni wananchi wa kawaida wanaopatikana kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura, kisha wanafunzwa. Huwezi kumhonga msimamizi ambaye hadi juzi hakuna aliyejua kwamba atakuwa yeye. Mwaka 1997 chama kilichotawala tangu 1929 kikapoteza wingi wa viti katika bunge la chini, na mwaka 2000 kikapoteza urais.

Na kwa Mwalimu, kuhusu nchi ambazo serikali ndiyo inayosimamia: hawana malaika kule. Mwaka 2018 katika jimbo la tisa la uchaguzi la North Carolina, Marekani, mgombea aliongoza kwa kura 905, kisha ikagundulika kwamba kura za posta zilikuwa zikikusanywa majumbani kinyume cha sheria. Bodi ya uchaguzi ya North Carolina, yenye wajumbe kutoka vyama vyote viwili, ilikataa kumthibitisha, ikasikiliza ushahidi hadharani, na Februari 2019 wajumbe wote watano wa wakati huo wakaamuru uchaguzi urudiwe.

MwalimuNyegezi amejibu:

Asanteni sana. Nimechapisha majibu yenu na kuyapeleka darasani, isipokuwa sehemu ya mnyororo wa suruali, ambayo hata hivyo waliipata wenyewe kwenye simu. Yule mwanafunzi sasa anadai kwamba uchaguzi wa viranja wa mwezi ujao usisimamiwe na mwalimu wa nidhamu, kwa hiyo mmeniletea kazi ofisini.

Mzee, naomba kuuliza moja tu lililobaki. Yule kijana uliyemnyima kusaini fomu tupu, mwishowe alisaini?

Mzee wa Nansio amejibu:

Alisaini, Mwalimu, hesabu ilipokamilika, kabla ya jogoo wa pili. Matokeo aliyakubali. Kisha nikampa ile fomu ambayo wakala huandika kama ameridhika au ana malalamiko. Aliishika muda mrefu karibu na karabai, akaandika kwa herufi kubwa: "NIMERIDHIKA NA HESABU. CHAMA HAKIKUNILETEA CHAKULA." Nikaitia kwenye bahasha pamoja na nyingine, ikapanda mtumbwi kwenda Nansio.